Fimbo Fupi za Baba

Juzi nilikwenda kununua tangi la maji. Dukani walikuwa wameyapanga matangi nje, kwenye jua la saa saba, na nilipoingiza kichwa ndani ya mojawapo kuangalia kama lina ufa, harufu ya plastiki iliyochemka ikanipiga usoni. Muuzaji akaniuliza kama nina kizunguzungu. Nikamwambia ni jua tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimerudi kuwa mtoto wa miaka tisa, kwa sababu harufu ile ni ya kayaki ya baba, kimtumbwi cha plastiki kilichokuwa kikishinda juani nyuma ya nyumba yetu.

Wenzangu mliokulia Ukambani mtacheka. Kayaki, kwetu? Sisi tuliofuata maji kwa punda na kuyagawa kwa kikombe? Lakini si kwamba Ukambani kote ni kukavu. Tulikaa kando ya bwawa kubwa, upande wa Kitui, kwa sababu baba alikuwa msimamizi wa kambi ndogo ya wageni pale ufukoni. Kambi ilipofungwa, mwenye kambi alimwachia baba kayaki moja kama asante, ya rangi ya machungwa, yenye kiti cha mtu mmoja. Baba ni mtu wa Nunguni, mama ni wa Mbooni, na huko milimani mto ukifurika sana unakufika magotini. Baba hakujua kuogelea. Angejifunzia wapi? Hata hivyo aliitazama kayaki ile siku mbili, na siku ya tatu akasema atakuwa mvuvi.

Mama hakubishana naye. Alisema tu, kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, akarudi kwenye maharagwe yake. Mimi ndiye niliyebaki na wasiwasi, na sijui kama uliwahi kunitoka. Mpaka leo mtu wangu akichelewa nusu saa, mimi nimeshamzika.

Nilikuwa na sababu. Bwawa lile lilikuwa na mamba. Nilimwona mbuzi wa jirani akiinama kunywa, maji yakaruka, halafu mbuzi hayupo. Hata kulia hakulia. Ndiyo maana watu wa kwetu walivua wakiwa nchi kavu, kwa mianzi mirefu kupita mtu mara mbili au tatu. Ulisimama hatua tano kutoka majini, ukatupa mshipi, na samaki akinasa hukuinama kumchukua. Ulirudi nyuma, hatua kwa hatua, ukimkokota mpaka afike kwenye mchanga mkavu. Mtoto akionekana ufukoni na kijiti kifupi, mtu mzima yeyote alimfukuza, hata asiyemjua, na mara nyingine alimchapa nacho. Kwa hiyo mimi nilijua jambo moja kama nilivyojua jina langu: urefu wa fimbo ndio umbali kati yako na mamba.

Miezi ya kwanza baba aliingia majini na mwanzi ule ule mrefu wa ufukoni. Alirudi na samaki, lakini mara nyingi alirudi amelowa mpaka kifuani, na mama akimuuliza alisema ni mawimbi. Kisha Ijumaa moja nikamkuta nyuma ya nyumba na msumeno, anakata mianzi yake. Alikata upande wa shina, ule mnene, akabakiza ncha zinazopindika. Akazifunga mpira wa tyubu ya baiskeli pa kushikia, akatengeneza pete za waya za kupitishia mshipi, akazijaribu kwa kutikisa. Fimbo mbili. Nilijipima nazo alipoziegemeza ukutani: zilinifika begani.

Nilimsikia akimweleza mama jikoni kwamba fimbo fupi inamleta samaki karibu na mkono. Mama akaitikia mm, kwa mdomo uliofungwa. Mimi nilikuwa nikichambua mchele nje ya mlango. Kinachomleta samaki karibu na mkono, nikawaza, kinaleta na mengine. Baba alikuwa ameukata kwa msumeno umbali wote uliokuwa kati yake na mamba, na alikuwa anafurahia.

Sikumwambia mtu. Mtoto wa wakati wetu hakumwambia baba yake kwamba kazi yake ameikosea. Nililala vibaya wiki nzima. Shuleni mwalimu aliniuliza saba mara nane nikamjibu mamba, darasa likacheka na mimi nikalia, na hakuna aliyejua kwa nini.

Jumamosi iliyofuata baba alikuwa na haraka. Mama Saumu, mwanamke wa Mwingi aliyekuwa akinunua samaki kwetu kila wiki, alikuwa na arusi ya mpwa wake na alitaka samaki wakubwa kabla ya saa nne. Baba alikuwa amejiandaa tangu Ijumaa jioni. Nilimwona akiziweka zile fimbo mbili chini ya kayaki, ambayo ililala kifudifudi nyuma ya nyumba, pamoja na kasia na kopo la nyungunyungu. Asubuhi, alipokaa kunywa uji, nilizunguka nyuma, nikazichomoa fimbo, nikazificha ndani ya rundo la mabua ya mahindi tuliyowawekea ng'ombe. Nilifanya haraka na sikujuta hata kidogo. Nilijiona kama mtu anayemficha mlevi funguo za gari.

Baba alipoigeuza kayaki akasimama. Akaangalia chini, akaangalia ukutani, akarudi kuangalia chini. Akazunguka nyumba. Akaingia ndani akatoka.

"Mwaitu," akaniita, "umeona fimbo zangu?"

Mwaitu maana yake ni "mama yangu", kwa Kikamba. Mimi ni mzaliwa wa kwanza, nilipewa jina la mama wa baba, Mwende, na baba hakupenda kumtaja mama yake kwa jina. Nikamwambia sijaziona. Akaigeuza kayaki mara ya pili, akaweka kiganja kwenye paji la uso, akasema polepole, "Lakini niliziweka hapa." Simu yake ikalia. Mama Saumu alikuwa ameshafika ufukoni. Ulikuwa umebaki mwanzi mmoja mrefu, alioukusudia kuukata siku nyingine. Akauchukua huo, nami nikamfuata nyuma nimebeba kopo la nyungunyungu, moyo mweupe kabisa.

Mama Saumu alikuwa amekaa juu ya ndoo yake, buibui amelikunja asilichafue. Aliniuliza habari za shule na kunipa kashata. Tulimtazama baba akipiga kasia mpaka mbali kama kutoka goli moja mpaka la pili, akaliweka kasia magotini, akausimamisha mwanzi. Kwa mbali ulionekana mrefu sana juu ya kile kidude cha machungwa. Nilikula kashata yangu kwa raha. Niliona mamba wote wa bwawa lile wamewekwa mbali.

Samaki alinasa upesi. Mwanzi ulipinda, na hata pale tulipo tulijua ni mkubwa, pengine kambare. Baba aliuinua. Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi sikulijua na ambalo yeye alikuwa amelijua kwa kulowa mara nyingi. Mwanzi ukiwa mrefu, samaki ananing'inia kwenye ncha, na ncha iko huko juu mbele, mbali na mkono. Ukiwa nchi kavu si shida, unarudi nyuma. Ndani ya kayaki hakuna nyuma. Umekaa chini, miguu mbele, na makalio yako ndiyo mizani. Baba aliusimamisha mwanzi wima ili samaki amjie, samaki akapita chini ya kayaki akatokea upande wa pili, mwanzi ukamfuata, na mwili wa baba, ambao ulikuwa umevua ufukoni miaka mingi kabla ya kuvua majini, ukafanya ulichozoea. Uliegemea nyuma.

Kayaki iligeuka bila kelele. Tulichoona ni tumbo lake, linang'aa.

Mama Saumu alisema innalillahi, akasimama, ndoo ikaanguka. Mimi nilikuwa naangalia maji kando ya kayaki na kule kwenye matete walikokaa mamba, kwenye matete na kando ya kayaki. Kisha kichwa cha baba kikatokea, na mkono mmoja ukaishika kayaki kwa juu, ukateleza, ukaishika tena. Plastiki iliyolowa haishikiki. Kila mkono ulipoteleza, kichwa kilizama. Nilihesabu. Kilizama mara sita.

Kulikuwa na vijana wawili wa nyavu katika mtumbwi wa mbao, mbali kidogo. Mama Saumu aliwaita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mwanamke yeyote. Walikuja mmoja akipiga kasia na mwingine akiyapiga maji kwa ubao ili kumtisha chochote kilichokuwa njiani. Sijui walichukua muda gani. Chai ingechemka. Nilisali sala niliyofundishwa Sunday school, ya kubariki chakula, kwa sababu ndiyo pekee iliyonijia.

Walimtoa. Alifika ufukoni akitapika maji, kiatu kimoja hakipo, simu haipo, na Mama Saumu akamfunika leso yake. Alipoweza kusema, hakusema habari za mamba wala za kambare. Alisema, "Nilisahau fimbo. Nilisahau fimbo zangu."

"Mshukuru Mungu, Baba Mwende," Mama Saumu akamwambia. "Fimbo ni kitu gani?"

Hapo ndipo ningesema. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema, na jibu ni kwamba niliogopa, basi, sina jibu lingine la heshima. Na nikafanya jambo baya zaidi. Wakati watu wamejaa nyumbani, mama akichemsha maji na majirani wakiomba, nilizunguka nyuma, nikazitoa zile fimbo kwenye mabua, nikazirudisha mahali pake hasa, pale ilipokuwa ikilala kayaki. Nilidhani ninarekebisha. Nilidhani kitu kikirudi mahali pake, na kosa limefutika.

Baba alizikuta jioni ile ile. Nilikuwa mlangoni nikamwona. Alisimama mbele yazo, hakuziokota. Alimwita mama, akamwonyesha kwa kidole. Alimwambia alitafuta hapo hapo, mara mbili, aliigeuza kayaki mara mbili, na fimbo hazikuwapo. Mama akasema labda ni haraka. Baba akasema, "Hata baba yangu alianza hivi."

Babu yangu wa Nunguni alikuwa amepotewa na akili. Ilianza kwa jembe, akalitafuta huku amelishika. Kisha funguo, kisha majina ya watoto. Mwisho alikutwa siku ya soko akiwauliza watu njia ya kwenda kwa mama yake, mwanamke aliyekuwa amekufa kabla baba hajazaliwa. Baba ndiye aliyepigiwa simu kwenda kumchukua, na si mara moja. Mimi niliyajua hayo yote kama mtoto anavyojua mambo ya wakubwa, yaani niliyasikia. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba baba analala akiyawaza.

Hakurudi majini. Kayaki ilivutwa hadi nyumbani, ikalala nyuma ya nyumba, ikanuka. Mwanzoni mimi na mama tulikuwa na furaha ya siri. Mama aliimba akifua. Mimi nilipata usingizi, na darasani nilijua saba mara nane. Baba alikuwa nchi kavu, miguu miwili, mikono miwili, na mamba wangekula samaki kama mamba wengine.

Lakini baba alianza kujipima. Aliwahesabu mbuzi, akarudi akawahesabu tena. Alimwomba mama aende kuhakikisha kama amefunga kufuli, na kufuli lilikuwa limefungwa. Usiku wa kuamkia Jumapili nilimsikia akitaja majina ya ndugu zake kwa mpangilio wa kuzaliwa, chinichini, kama mtoto anayekariri. Alimwonyesha mama mahali alipoweka hati ya shamba, akamfanya arudie. Akisahau neno katikati ya mazungumzo, jambo linalompata kila mtu, alinyamaza kabisa na uso ukabadilika. Mama aliacha kuimba.

Kila jioni nilikuwa nikiamua kusema, na kila jioni nilikuwa nikipiga hesabu ile ile. Nikisema, atapona. Akipona, atarudi majini. Akirudi majini, mamba. Nikinyamaza, nina baba nchi kavu, amekaa kwenye kiti, anaangalia mikono yake. Watu wazima wamewahi kuniambia kwamba mtoto hawezi kufikiri hivyo. Mimi nilifikiri hivyo. Sikuwa na maneno yake, lakini hesabu nilikuwa nayo.

Ilikuwa Jumatano, likizo, ndipo mtu alipopatikana sokoni anayetaka kuinunua kayaki. Soko lenyewe si mbali. Ni barabara moja, haina hata njia panda, na baba aliipita kila siku. Alivaa shati lake safi. Akasimama mlangoni, akanigeukia, na akaniambia kwa sauti ya chini ili mama asisikie:

"Mwaitu, twende na mimi. Nikipotea, utanirudisha."

Hakuwa anatania. Alininyooshea mkono, na mimi nikaushika, na tukatoka. Tulitembea mpaka kwenye mtaro wa mvua. Nilikaa chini kwenye vumbi nikaanza kulia mpaka nikakosa pumzi. Akachuchumaa, akaniuliza kama ni tumbo. Nikamwambia ni mimi niliyezificha fimbo. Nilizificha kwenye mabua, nikazirudisha jioni, kwa sababu zilikuwa fupi na mamba wangemfikia.

Nilifunga macho kungoja kofi. Halikuja.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.

"Kwa hivyo niliziweka. Chini ya kayaki. Ijumaa jioni."

"Uliziweka, baba. Nilikuona."

"Na nilipotafuta hazikuwapo."

"Hazikuwapo."

Akakaa chini kando yangu, na shati lake safi, kwenye vumbi. Aliniuliza tena ni mabua gani, upande gani, asubuhi au usiku, nami nikamjibu kila swali, na kila jibu lilimnyoosha mgongo. Kisha akaanza kulia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, na kilichonitisha zaidi ni kwamba alikuwa anacheka papo hapo. Alifuta uso kwa mkono, akasema, "Kichwa changu ni kizima," si kwangu, kwa barabara. Hakunipiga, wala hakunikaripia, na mpaka leo ningependelea angenipiga. Mtu niliyemwibia akili zake mwezi mzima alinishukuru.

Pale pale mtaroni akavunja kijiti, akanichorea kwenye vumbi. Huyu ni mimi nimekaa, akasema, huyu ni samaki. Fimbo ndefu, samaki yuko huku, na mimi ni lazima niinuke au niegemee. Fimbo fupi, samaki anakuja hapa ubavuni, namshika nikiwa nimekaa, kayaki haijui hata kama kuna kitu kimetokea. Akaniambia fimbo ndefu ni ya mtu aliyesimama. Nilielewa mara moja, na kule kuelewa kulinichoma, kwa sababu nilijua ni nani aliyemtumbukiza majini.

Hatukufika sokoni. Alirudi nyumbani mbio mbio akinivuta mkono, akamwambia mama, akawaambia majirani, akamtafuta Mama Saumu kwa simu ya jirani. Aliwaambia wote kwa furaha ile ile kwamba hana ugonjwa wowote, ana mtoto mwizi. Kwa wiki nzima watu walinipita wakiniuliza nimeiba nini leo. Mama Saumu alicheka mpaka akakohoa.

Mama peke yake hakucheka. Alimpikia baba chakula kizuri usiku ule, akasikiliza hadithi yote mara mbili, akasema Mungu ni mwema.

Jumamosi baba aliamka mapema. Alizifunga fimbo zake mbili fupi kwenye kayaki kwa kamba, moja kila upande, akaibeba begani hadi ufukoni. Mimi na mama tulimfuata. Mama alikuwa hajawahi kufika kule asubuhi. Baba aliingia, akakaa, akasukuma kwa kasia, na kayaki ikaondoka ikiwa imetulia kabisa. Aligeuka mara moja kutupungia mkono. Tulimwangalia akiyapita matete. Alipokuwa mdogo mbele yetu, na mtu hawezi tena kuutofautisha uso wake, mama akasema bila kunitazama:

"Ungeniambia mimi kwanza."

Nilikuwa na miaka tisa lakini nilijua alichomaanisha, na nilijua kwamba kama ningemwambia yeye kwanza, siri ingebaki kwetu, na baba angekuwa nyumbani. Tulisimama pale, yeye na mimi, jua likapanda, hakuna aliyekaa chini.